Kazi ya Burhani Ilikuwa Kukaa

Kazi ya Burhani hapa Guangzhou ilikuwa kukaa. Msidhani namtania, ingawa kumtania nimemtania sana. Kila asubuhi alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake ya viua, akapanda metro kutoka Xiaobei mpaka mtaa wa Yide, kule wanakouza vitu vikavu vya baharini, akakaa kwenye kiti dukani kwa Laoban Huang hadi jioni. Laoban maana yake bosi. Mwisho wa mwezi Laoban alimlipa kwa kukaa kwake, na mimi niliyesimama jikoni kutwa nzima nilibaki kushangaa Mungu anavyogawa.

Mimi ni Leokadia, Mhaya wa Bukoba, na nina chumba cha kupikia nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Waafrika Mashariki wengi wa hapa wanakula kwangu. Burhani alikula kwangu kila jioni na kila jioni alizilalamikia ndizi zangu. Alisema kwao Pemba ndizi ni kitu cha kula ukisubiri chakula.

Kukaa kwake kulikuwa na maana. Huko Pemba, dada zake na majirani zao wanafuga majongoo ya bahari kwenye vizimba. Wanayachemsha, wanayakausha, halafu Burhani anayaleta huku, kwa sababu Wachina wanayapenda mno kwenye supu ya karamu. Yakikauka yanafanana na vipande vya muhogo vilivyoungua, na ukiniuliza mimi, hata ladha haiko mbali. Tatizo ni kwamba pale Yide kila duka linadai mali yake inatoka Afrika, na mteja wa Kichina hadanganyiki kirahisi. Laoban Huang akagundua dawa. Akimweka Mwafrika halisi karibu na mzigo, mteja anatazama jongoo, anamtazama Burhani, Burhani anatikisa kichwa kukubali, biashara imekwisha. Wengine walipiga naye picha kabisa.

"Mzee, umekuwa muhuri," nilimwambia.

"Muhuri una heshima yake, dada Leo. Haugongwi popote tu."

Na kweli hakugongwa popote. Duka lilikuwa na majongoo ya kila nchi, lakini Burhani alikaa karibu na ya Pemba peke yake. Mfanyakazi akihamisha magunia kwenda rafu nyingine, Burhani naye alihama na kiti chake. Mwanzoni Laoban alikasirika, baadaye akaona faida, maana wateja walishajua kwamba alipo yule mzee wa kofia ndipo pa kununua. Walimwita Buhani, kwa sababu ile r inawashinda. Kwa miaka miwili jina hilo liliuza kuliko bango lolote la mtaa ule, na kina mama wa Pemba wakaongeza vizimba.

Ndipo akaja mzee Kuroda. Alikuwa Mjapani wa miaka sabini hivi, mwembamba, amevaa sweta la kijivu, kila akija ameleta boksi la keki ndogo na kuinama mara mbili mlangoni. Alifanya biashara na Laoban huko ndani, lakini akimaliza alikaa na Burhani kunywa chai. Kichina cha Burhani ni cha sokoni, cha Kuroda ni cha kujifunza ukubwani, kwa hiyo walizungumza polepole na kuelewana vizuri. Walizungumza magoti. Walizungumza meno. Burhani alirudi kwangu akinieleza jinsi Wajapani wanavyokanda goti kwa maji ya moto, na mimi nikafurahi kwamba mzee amepata mwenziwe, maana ugenini ni kugumu ukiwa na umri.

Siku moja yaliingia dukani makasha ya majongoo ya aina nyingine. Yalikuwa meusi, mafupi, yana vimiiba mwili mzima, na bei yake ukiisikia unakaa chini. Laoban Huang alimwita Burhani kwa upole wote, akamwomba ahamishie kiti pale.

"Haya si yetu," Burhani alisema. "Ya kwetu hayana miiba."

"Mteja hajui. Wewe kaa tu. Hata kichwa usitikise."

Burhani alisema atafikiri, na badala ya kufikiri akaenda kumuuliza Kuroda, kwa kuwa alimwona ndiye aliyeyaleta. Mwingine angedanganya. Kuroda alimimina chai akamweleza yote, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kituo cha treni.

Alisema yeye ni mtu wa kundi la wahalifu. Wajapani wanawaita yakuza. Aliingia akiwa kijana, wakati kundi lina ofisi yenye kibao mlangoni na mkubwa wao akipita watu wanainama. Siku hizi kibao hakuna. Serikali haikuwafunga wote, ila iliwazibia pumzi. Mtu wa kundi hafungui akaunti benki, hapangishwi nyumba, hauziwi laini ya simu. Akiacha kundi, miaka mingi hupita kabla hajaaminiwa, basi vijana hawaingii tena. Wao wana makundi yao yasiyo na jina, wanaitana kwa simu kwenda kuiba, hata bosi wao hawamjui sura. Wazee ndio waliobaki kwenye lile la zamani, kwa sababu hawana pa kwenda.

"Sasa mnaishije?" Burhani alimuuliza.

"Kwa majina ya watu," Kuroda alijibu. "Nyumba ninayolala ni kwa jina la mtu. Simu hii ni kwa jina la mtu. Kila tulipozuiwa, tulitafuta mtu wa kutukopesha jina lake, na hatujawahi kumkosa."

Majongoo yale yalikuwa ya wizi. Kule kaskazini mwa Japani kuna sehemu za bahari zina wenyewe, wavuvi wanaozitunza kwa zamu, na kundi linapeleka watu kuzamia gizani bila taa kwenye maji ya baridi kali. Majira ya baridi yaliyopita mmoja alizama hakuibuka. Zamani mali hiyo iliingia China kwa urahisi, lakini sasa China ilikuwa imefunga mlango kwa mazao ya bahari ya Japani, kwa hiyo mali ilihitaji kwao kwingine. Ilihitaji Afrika. Kuroda alisema wakubwa wamemwahidi kwamba mzigo huu ukiuzika, watamwachia apumzike.

"Nikopeshe jina lako," alisema. "Msimu mmoja tu."

Jioni ile Burhani alikuja kwangu, akazila ndizi bila kuzilalamikia. Nikajua kuna jambo. Aliponieleza, damu ilinichemka.

"Kataa," nikamwambia. "Kuna nini cha kufikiri hapo? Hawa wakikamatwa, nani atanunua jongoo lenye jina la Pemba? Dada zako watayapeleka wapi? Na wewe viza yako?"

"Najua, dada Leo. Lakini mie sijapata kuombwa kitu na mtu aliyenambia ukweli namna ile."

"Mwizi msema kweli ni mwizi bado."

"Ni mwizi. Tena ni rafiki yangu." Akasukuma sahani. "N'takataa. Ila usinihimize, niache nikatae taratibu."

Akakataa. Laoban Huang hakugomba hata kidogo. Alimlipa haki yake, akamwambia magunia ya kina mama yaliyobaki atayauza, aje kuchukua hesabu baadaye. Nilimsifu Burhani mbele ya wateja wangu wote. Nilisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwamba yale ya miiba yatatembezwa mpaka yaote ukungu. Sisi Wahaya tukiwa na hakika na jambo, tunalisema kwa sauti.

Burhani aliporudi kuchukua hesabu, alimkuta mtu kwenye kiti. Alikuwa Frédéric Mulumba, Mkongomani wa Lubumbashi, ambaye alikuwa akinunua jinzi Zhanqian Road mpaka biashara ikamwangukia. Namfahamu, anakula kwangu siku akiwa nazo. Lubumbashi iko mbali na bahari kama Bukoba ilivyo mbali. Alikuwa amevaa kanzu fupi isiyomtosha na kofia iliyonunuliwa mtaani, amekaa karibu na makasha ya miiba. Kabla Burhani hajasema neno akaingia mama mmoja mteja wa siku zote, akamtazama Frédéric, akatabasamu.

"Buhani," akasema, "habari ya siku nyingi?"

Frédéric akatikisa kichwa, na yule mama akanunua.

Burhani alisubiri mama atoke. "Kijana," akasema, "hilo jina ni langu."

"Papa, mi sikulichagula," Frédéric alimjibu, macho chini. "Patron ameniambia nikae, nimekaa. Niko na batoto kule. Wewe uliacha kazi, mi nimeiokota. Ni travail, kazi tu, papa."

Burhani akamwendea Laoban, akaomba jambo moja tu, kwamba huyu aitwe jina lake mwenyewe. Laoban alicheka kwa wema. Wateja wamelizoea lile, alisema, na kwao Waafrika wote ni sawa.

Sijawahi kumwona Burhani amekasirika, na hata siku ile hakukasirika mbele yangu. Alikuwa amekataa kulikopesha jina lake na jina likaenda bila yeye. Mzigo mpya wa kina mama ulikuwa umeshafika uwanja wa Baiyun kwa ndege. Angewaambia nini? Kesho yake alirudi kumwomba Frédéric aondoke kabla mambo hayajaharibika. Frédéric akasema hawezi. Basi Burhani akaenda ofisi ya usimamizi wa soko na kusema kwamba yeye ndiye Burhani, na mali inayouzwa kwa jina lake si yake.

Walikuja maofisa wawili, mwanamke na mwanamume. Mimi nilikuwapo, kwa sababu Burhani aliniomba nimsaidie Kichina, na kwa sababu hata asingeniomba ningekwenda. Kuroda alikuwa amekaa ndani na chai yake. Ofisa mwanamke alitazama pasipoti ya Burhani, akatazama ya Frédéric, akamgeukia Laoban.

Laoban Huang ni mfanyabiashara, hakupoteza hata dakika. "Ni kweli," akasema, "Burhani ni huyu mzee. Na makasha haya yote ni yake. Ameyaleta mwenyewe, tumegombana bei, ndiyo maana anatuchongea. Waulizeni majirani kama si yeye anayetoa mali ya Afrika hapa miaka miwili."

Majirani wakaulizwa. Ndiyo, wakasema, ni yeye, tunamjua, huyo mzee mali yake ni ya kuaminika. Walidhani wanamtetea. Frédéric naye akasema anaamini ni ya mzee. Nikaanza kupiga kelele kwa Kichina, Kiswahili na Kihaya, na ofisa akaniambia nikinyamaza nitamsaidia zaidi. Kila shahidi aliyemjua Burhani alizidi kumfunga. Niliogopa kweli. Niliona gereza, niliona ndege ya kufukuzwa, niliona vizimba vya Pemba vimebaki maji matupu.

Burhani mwenyewe alikuwa anamtazama Kuroda, bila kumsihi.

Kuroda akaweka kikombe chini, akasimama. "Mali hii si yake," akasema. "Aliombwa aikopeshe jina, akakataa. Imetoka Japani. Nimeileta mimi."

Laoban Huang akaketi juu ya gunia. Nakiri nilimpenda yule mzee wa Kijapani wakati ule, nikataka hata kumwinamia kama anavyoinama yeye. Ofisa akatoa kalamu.

"Mwenye mzigo ni wewe, basi?"

Kuroda aliitazama ile kalamu. Nadhani alitaka kusema ndiyo, lakini huenda alikuwa hajui tena kuisema.

"Mimi ni wa kuleta tu," akasema. "Kwenye karatasi mwenye mzigo ni Shinya. Mtoto wa dada yangu. Ni mwalimu wa shule, Osaka."

"Yeye anajua?"

"Hajui," Kuroda akasema, na ofisa akaandika jina la Shinya.

Waliwachukua Kuroda na Laoban, na Frédéric wakamwonya na kumwachia. Burhani walimwambia aende nyumbani, jina lake ni safi. Tulirudi kwa metro. Kwangu nilimpakulia, na kwa furaha nikamwekea nyama kubwa. Nikamwambia ashukuru Mungu, ameokoka, mzigo wa Baiyun utauzika, dada zake watalala vizuri. Nilisema mengi.

Burhani hakugusa chakula.

"Amenitoa mie, dada Leo," akasema, "akamtia yule mwalimu."

"Hayo ni yao."

Alitikisa kichwa, si kwa ile namna ya dukani. Aliniuliza kama namjua mtu yeyote anayejua Kijapani. Nikasema simjui. Akauliza kama shule za Osaka ni nyingi. Nikasema huo ni mji mkubwa, labda ni nyingi sana.

"Basi kesho asubuhi," akasema, "ataingia darasani, hajui lolote."