Mholanzi Huuliza Mara Moja

Mama mkwe wa binti yangu alikuja Johannesburg kutoka Uholanzi kwa wiki tatu, na kwa wiki hizo zote nilisikia "sisi Waholanzi" mpaka masikio yakachoka. Sisi Waholanzi tunasema ukweli. Sisi Waholanzi hatujikwezi. Sisi Waholanzi tunafika kwa wakati. Makaburu wa hapa si ndugu zao hata kidogo, alisisitiza, ingawa alipoongea na muuza maua kwa lugha yake, Kaburu yule alimjibu kwa ya kwake na wakaelewana vizuri tu. Akanigeukia akasema ninyi Waafrika mna moyo mkunjufu ila saa hamzijali. Siku hiyo mimi ndiye niliyemsubiri dakika ishirini mlangoni pa duka langu la mabaibui, mtaa wa Fordsburg, kwa sababu alikosea taa za barabarani za kukata kona, robot kama tunavyoziita hapa.

Nami sikuwa malaika. Wateja wangu wote walishajua kwamba Waholanzi ni wachoyo, kikombe kimoja biskuti moja, kisha kopo linafunikwa. Nilisema hivyo kwa raha kabisa.

Alitupikia nyumbani kwa binti yangu, viazi vya kuponda na karoti. Akaniuliza kama naongeza. Nikasema nimeshiba, asante, kama nilivyofunzwa Tanga, nikakaa kungoja anibembeleze. Akachukua bakuli akalipeleka jikoni. Nilirudi kwangu nikala mkate kwa chai, nimenuna.

Jumapili ilikuwa zamu yangu, nikapika pilau. Alisema basi, nikampakulia. Akasema basi tena, nikamwongezea nyama. Mara ya tatu aliifunika sahani kwa kiganja.

"Nikisema hapana, ni hapana," alisema kwa Kiingereza. "Kwa nini mnauliza kama jibu hamlitaki?"

Nilikasirika. Kwetu swali la kwanza ni la adabu, na jibu lake ni la adabu vilevile. Mtu anayekujali hurudia kuuliza. Mtoto mdogo wa Tanga analijua hilo.

Wakati huohuo, kazi ya mkwe wangu hapa ilikuwa inamalizika, na yeye na binti yangu walifikiria kuhamia Uholanzi. Huyo ndiye mwanangu pekee, na baba yake alishafariki. Alizaliwa hapahapa, Kiswahili anakielewa, lakini hunijibu kwa Kiingereza. Alasiri moja alikuja dukani akaniuliza: tukihamia kule, mama, utakuwa sawa?

"Nendeni tu, mwanangu," nilimwambia. "Mimi sina neno."

Nikainama kukunja baibui lililokwisha kukunjwa, nikingoja. Alinibusu akaenda zake, na nilimwona anavuka barabara kwa furaha.

Wiki iliyofuata, tukinywa kahawa kwa binti yangu, mama mkwe wake alinieleza kwamba tiketi zao za kuhamia zimeshanunuliwa. Nilimlipukia. Nilimwambia ninyi ndio wasema ukweli, lakini mnamchukua mtoto wa mtu bila kumuuliza. Hata sauti hakupandisha. Alisema niliulizwa, na kwamba binti yangu aliwaambia nimekubali bila shida.

Nikamgeukia binti yangu, kwa Kiswahili ili mgeni asisikie.

"Huyu ni Mholanzi, hajui. Wewe je? Mbona hukuniuliza tena?"

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akanijibu kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno.

"Nikuulize tena kwa nini, mama? Si ulishanijibu?"

Mama mkwe wake, ambaye hakuelewa hata neno, alifungua kopo akatugawia biskuti moja moja. Aliponiuliza kama nataka ya pili nilisema ndiyo, nataka, kabla hajafunika.