Makene na Msiba wa Tomaru

Makene hawezi kusema kitu ni kizuri kama si kizuri. Wako watu hawajui kuogelea, wako wasiojua kupika. Yeye hajui kusifia. Katika mji kama Tunduma, ambako kila mtu anakusifia ili ununue kitu, huo ni ulemavu, na mimi ninayeuza chai na chapati pembeni ya kijiwe chake cha matairi najua umenitesa kiasi gani. Madereva wamekaa kwenye benchi langu, malori yao yamekwama foleni ya kuvuka kwenda Zambia, njaa inawauma. Mara Makene anatafuna kidogo na kusema kwa upole, "Mama Conjesta, leo chapati zimekuwa ngumu." Na kweli zilikuwa ngumu. Lakini nani alimuuliza?

Kibaya zaidi, madereva walianza kumtegemea. Siku hizi kabla ya kuagiza wanamtazama usoni kwanza. Akitafuna kimya, wanaagiza. Akisita, wanavuka barabara kwenda kwa mwenzangu. Nimewahi kumnyima chapati siku nzima ili asizionje, akawaambia watu kwamba leo hawezi kusema lolote kwa kuwa hajaonja, na hiyo ikawa mbaya kuliko yote.

Kwao ni bondeni Momba, kwa wafugaji wa Kisukuma waliohamia huko na ng'ombe wao. Baba yake, mzee Ndalahwa, alimchukua mnadani siku moja kwenda kuuza dume. Mnunuzi akauliza kama dume lina kasoro, akiuliza kwa adabu tu, maana mnadani swali hilo halina jibu. Makene akajibu. Alisema jicho la kulia halioni vizuri, na ukilipakia garini linalia njia nzima hadi mtu unajuta. Mzee alirudi nyumbani na dume lake. Alipofika akamwambia mwanawe aende mjini akatafute kazi isiyohitaji mdomo. Ndiyo akapata ya matairi. Tairi limetoboka au halijatoboka, hakuna maneno mengi hapo.

Angeishi kwa amani kama kusingekuwa na banda la video la Habibu.

Habibu ni Mzaramo. Marehemu baba yake alikuja huku na biashara ya malori akitokea Kisarawe, akahamia kabisa, na alipofariki akamwachia mwanawe nyumba, banda lile, na jukumu la mdogo wake Fauzia. Zamani banda lilionyesha mpira. Siku hizi linaonyesha anime, zile katuni za Kijapani, ingawa ukisema "katuni" pale ndani utatolewa nje. Nilishawahi kusema. Vijana waligeuka wote kunitazama, na Osward, yule wakala wa simu mwenye meno ya mbele yaliyoachana, akaniambia kama anayenionea huruma, "Mama, katuni ni za watoto. Hii ni anime."

Habibu husimama pembeni ya runinga na kipaza sauti, anasoma maandishi ya chini na kuyageuza Kiswahili. Ikiisha, mlango unafungwa. Hakuna kutoka hadi watu watoe maoni. Kipaza sauti kinapita mkono kwa mkono, na watu wazima wenye wake wanasimama kueleza kwa uchungu kwamba msimu wa pili wa ile ya binti anayeendesha gesti ya mizimu umeharibiwa, kwamba wachoraji walikuwa na haraka, kwamba ile filamu mpya ya roboti wanaocheza soka ni kelele tupu. Kuna dereva aliyeacha zamu yake ya kuvuka ipite kwa sababu hajamaliza hoja. Mimi nilipopewa nafasi nilisema watu wale wana macho makubwa mno, nikazomewa.

Makene alikuwa anakwenda kwa ajili ya Fauzia, ambaye hukaa mlangoni kupokea viingilio. Walijuana kwa tairi la baiskeli. Alimwambia tairi lake limekwisha, asipoteze hela kuliziba, na Fauzia akacheka kwa sababu fundi wa kwanza alikuwa ameshaliziba mara kadhaa akimsifia. Baadaye akamuuliza dera lake jipya likoje. Makene akalitazama vizuri. "Rangi haijakupendeza," alisema. "Ila wewe umependeza." Nilisikia kwa masikio yangu na nikatamani kumpiga na kibao cha chapati, lakini msichana alilibeba jibu lile kama zawadi. Haukupita muda Makene akamtuma mzee Ishaka, msafirishaji anayeheshimika mtaani, apeleke posa kwa Habibu. Habibu akasema atafikiria, na kwa uso wake ilionekana atakubali.

Ndipo ikaja filamu ya mwisho ya Tomaru.

Tomaru ni mpiganaji wa upanga mwenye nywele za rangi ya chungwa. Wamemfuatilia misimu na misimu. Katika filamu hiyo pepo mkubwa anavamia kijiji, anang'oa mapaa, anawameza watu, na Tomaru anasimama mbele yake na upanga juu. Halafu anamkumbuka mama yake. Anakumbuka alivyombeba mgongoni, uji aliompikia, wimbo aliomwimbia, mvua ya siku ile. Akimaliza kukumbuka anampiga pepo pigo moja, pepo anakufa, na yeye anakufa pia. Banda zima lililia. Habibu alishindwa kutafsiri, akawa anapumua tu kwenye kipaza sauti. Mama mmoja mfanyabiashara kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alijifunika uso na kitenge akawa anasema tu, "Awe mwandi, awe," yaani jamani, hapana.

Kipaza sauti kilipita. Kila mtu alisema ile ndiyo filamu bora kuliko zote. Kikamfikia Makene. Nilimwona Fauzia mlangoni akimtikisia kichwa taratibu: usiseme. Akasema.

"Huyu Tomaru ni mzembe. Pepo anakula watu, yeye amesimama anakumbuka uji. Wale waliomezwa wakati anakumbuka, ni nani atawalipia?"

Walimtoa nje wakiwa wamembeba, kiatu kimoja kikabaki ndani.

Kesho yake Habibu alifunga banda. Alitandika mikeka nje, akatundika picha kubwa ya Tomaru kwenye mlango na kuizungushia kitambaa cheusi, na wapenzi wa anime wakaja kukaa. Mzee Ishaka alimwonya asithubutu kusoma dua juu ya picha ya katuni, akatii; mengine yote aliyafanya. Ubaya ni kwamba mtaa wetu ukiona mikeka nje hauulizi. Wanawake walifika na unga na maharage, wakawasha moto. Mmoja aliuliza aliyefariki ni nani, akaambiwa Tomaru. Akauliza ni nani wa Habibu, akaambiwa ni kama ndugu yake. Akakaa chini akalia kwa dhati, kwa kuwa hata yeye ana kaka yake. Ilipofahamika marehemu ni wa kwenye runinga, maharage yalishachemka, na hakuna mwenye akili anayebeba sufuria la moto kurudi nalo nyumbani. Msiba ukaendelea. Mimi nilipeleka chai, na sitasema uongo, niliuza vizuri.

Mzee Ishaka alirudi kutoka kwa Habibu amekunja uso.

"Posa imekataliwa," alimwambia Makene. "Anasema hawezi kumwozesha dada yake mtu aliyemtukana marehemu."

"Marehemu yupi?"

"Huyo mwenye nywele za chungwa. Mwanangu, usinitazame hivyo, mimi mwenyewe ninaona aibu kulisema. Anataka uje mbele ya watu, ushike kipaza sauti, useme Tomaru alikuwa shujaa. Basi. Akisikia hivyo, Fauzia ni wako."

Nilifurahi. Kitu gani rahisi kama hicho? Nilimkalisha Makene kwenye ndoo yangu na kuanza kumfundisha. Nilimwambia rudia: Tomaru alikuwa shujaa. Alivuta pumzi. "Tomaru alikuwa..." Jasho likamtoka. "Tomaru alikuwa na nywele nyingi." Nikamwambia hapana, shujaa. "Alikuwa na upanga." Nilimfokea. Nikamwambia maneno hayo hata kasuku angeyasema, na yule msichana ataolewa na mtu kama Osward kwa sababu ya kiburi chake.

"Si kiburi, mama," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nikisema, Fauzia atajua nimesema uongo. Halafu siku nikimwambia amependeza, ataniaminije?"

Nilijifuta mikono nikaenda msibani nikiwa na hasira zangu, Makene na mzee Ishaka nyuma yangu. Nilitaka kumwambia Habibu kwamba ni mpumbavu. Mzee Ishaka alinishika mkono, akatangulia mbele ya mikeka.

"Habibu," alisema. "Msiba huu ni wa nani?"

"Wangu, mzee."

"Marehemu ni nani yako?"

Habibu alitazama wenzake. "Ndugu yangu."

"Ndugu yako wa damu, au unachezea watu waliokupikia maharage?"

"Ndugu yangu kabisa."

"Basi marehemu ni Mzaramo," alisema mzee Ishaka. "Na huyu hapa ni Msukuma."

Nani asiyejua Wasukuma na Wazaramo ni watani? Mtani msibani ana haki yake. Anamcheka marehemu, anamwigiza, anazuia shughuli hadi apewe chake, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Watu waligeuka kumtazama Makene. Halafu wote wakaanza kusema kwa pamoja.

"Tomaru ni Mjapani!" Osward alipiga kelele. "Oya, kila mtu anajua ni Mjapani!"

"Kama ni Mjapani, msiba si wa Habibu," mzee alijibu. "Kunjeni mikeka. Na maharage mrudishe."

Habibu alitazama picha, akatazama masufuria, akatazama wale wanawake, ambao nao walikuwa wanamtazama yeye. Alikuwa amenaswa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba Tomaru ni Mzaramo, kwa upande wa mama.

Makene hakungoja kuambiwa tena. Alichukua mwiko mkubwa wa ugali, akaunyanyua juu kama upanga, akasimama katikati ya mikeka. Akamwita dereva mmoja mnene awe pepo. Pepo akaanza kula watu, akimshika huyu na yule, na watu wakipiga mayowe, "Tomaru, tuokoe!" Makene akawajibu, "Subirini, bado sijafika kwenye uji." Wanawake jikoni walianguka kwa kicheko. Pepo akamla Osward. Makene akaita, "Mama, ile siku ya mvua, ulivaa kanga gani vile?" Yule mama wa Nakonde alicheka hadi akashika nguzo. Nilimtazama Habibu. Alijikaza, midomo imebana, mabega yakaanza kutikisika, na mwishowe akapasuka, akacheka na kulia kwa mkupuo, akisema, "Kweli, jamani, alikumbuka sana. Alizidisha."

Hapo Makene akajilaza chali mlangoni pa banda, akafunga macho.

"Marehemu amekufa hapa," alisema. "Hakuna kupita, hakuna filamu, hadi mtani apewe haki yake."

"Mpe!" watu walisema. Hakuna aliyeuliza haki gani. Habibu alijifuta macho, akageuka kumtazama dada yake kama anayemwambia mimi nimeshindwa.

Fauzia alikuwa amesimama pale pale mlangoni, karibu na kichwa cha Makene. Muda wote ule wanaume walibishana juu yake na juu ya Tomaru, na hakuna aliyempa kipaza sauti.

"Mimi niliipenda ile filamu," alisema. "Niliona Tomaru alifanya sawa. Mtu ukikaribia kufa unamkumbuka unayempenda. Nisingependa mume ambaye hanikumbuki." Akainama. "Makene. Siku nyumba ikishika moto, mimi niko ndani, utanikumbuka?"

Makene alifungua macho. Nilimwomba Mungu, mimi ambaye hata kanisani sionekani sana, nikasema Bwana, mfanye adanganye mara moja tu. Watu walisogea karibu wasikie. Hata malori barabarani, sijui kwa nini, yalikuwa yamezima injini.

"Hapana," alisema Makene.

Mtu mmoja aliguna. Mimi nilifunika uso.

"Sitakukumbuka," aliendelea akiwa amelala hapo hapo chini. "Nitakuwa nakutoa. Mtu unamkumbuka akiwa hayupo. Ukishakuwa nje, umekaa, unakohoa, hapo ndipo nitaogopa. Nadhani nitalia."

Fauzia alimtazama. Sikuweza kuusoma uso wake, nami nauza chai, nyuso ndiyo kazi yangu. Kisha akamnyooshea mkono.

"Kaka," alimwambia Habibu bila kumwangalia, "mimi nimekubali." Akamvuta Makene akamsimamisha, akaanza kumpangusa vumbi mgongoni mbele yetu sote, na hapo ndipo Makene akalia.