Nilifuta ngombe ya mahari mu foto ya arusi, nikaweka motokari

Wakuu wa humu ndani, salamu toka Uvira, hapa pembeni ya Tanganyika.

Naanza na kitu moja: hii habari inanionyesha mujinga. Sitajificha. Nimeamua kuiandika minye mwenyewe, juu jirani yangu wa saluni naye anataka kuiandika, na ule akianza kutia chumvi hajui kusimama. Hapa nimeweka vile ilipita, basi.

Mutavumilia Kiswahili yangu. Masomo niliachia ku primaire, na Kiswahili ya kwetu iko na njia yake. Kama neno inakushinda, ruka, utakuta ingine mbele.

Minye ni mupiga-foto. Niko na kachumba kamoja hapa Mulongwe, kitambaa nyeupe ku ukuta kwa foto za karte, zile za kitambulisho, na kitambaa ya bluu kwa wale wanataka kuonekana kama wako ku televizyo.

Zamani nilikuwa chini, karibu na maji. Halafu ziwa ikapanda, ikaingia mu studio bila kuomba foto. Nikahama.

Lakini jina sikulipata juu ya kupiga. Nililipata juu ya kufuta.

Unakuja na foto umesimama mbele ya nyumba. Nyuma kuko karai, kuko bata, kuko shemeji mwenye hamusikilizani naye. Nafuta wote. Unabaki weye peke yako, unangaa kama sahani mupya.

Halafu nakuwekea kitu nyuma: maua, munara ya Paris, ndege, motokari nyeupe. Watu wa hapa wanapenda sana ile motokari. Kuko avenue moja, familia karibu tano ziko nayo ku ukuta, motokari ile ile, plaque ile ile ya namba, na mule ndani hakuna mwenye anajua kuendesha hata baiskeli.

Sasa tuingie.

Mwaka uliopita, wakati wa jua, waliniita kupiga arusi kule Rurambo, juu ya milima. Watu wa kule wanaishi na ngombe. Minye nimekomalia ku samaki. Ngombe namufahamu mu sahani, na hata pale tunaonana mara moja moja.

Mwenye kuoza binti tumwite Muzee Rugaza. Si jina lake ya kweli. Muntu murefu, fimbo begani, maneno kidogo. Binti yake tumwite Naomi, yeye mudomo iko nayo, mutamusikia.

Foto zikapigwa za kila namna. Ku mwisho Muzee akaniita pembeni, akasema, "Piga sasa ile yetu watatu."

Nikaangalia. Yeye, binti yake. Nikatafuta wa tatu. Bwana-arusi alikuwa mbali na wenzake. Nikajiambia, huyu Muzee pengine anahesabu na Mungu, kama wapasta.

Katikati yao kulikuwa ngombe. Nikaona ni ngombe imepita njia.

Nikapiga.

Nikashuka Uvira, nikaingia ku kompyuta, nikaona kazi yangu iko pale inaningoja: ngombe muzima katikati ya foto ya arusi, pembe ndefu, ku shingo iko na kidoa nyeupe yenye niliona ni kosa ya mwangaza. Nikafuta. Ilinichukua asubuhi muzima, juu ngombe ni kubwa, na pembe moja ilikuwa imepita juu ya kichwa ya Muzee. Pale katikati nikaweka motokari nyeupe.

Wakuu, ilikuwa kazi safi. Mupaka kivuli ya motokari niliiweka. Nikatoa foto kubwa, nikaingiza mu kadre ya dhahabu.

Siku ya ine ya juma, alhamisi, Muzee Rugaza akashuka kuichukua.

Akashika kadre na mikono mbili. Akaangalia. Akaangalia tena. Halafu akaweka kiganja juu ya ile motokari, polepole, kama muntu anasukuma rido ya dirisha aone nani iko nyuma.

Akaniuliza, "Wa tatu iko wapi?"

Na minye, na kiburi yangu yote, nikamujibu, "Nilimufuta, Muzee. Alikuwa anachafua foto."

Akakaa ku kile kiti cha foto za karte. Hakunitukana. Angenitukana ningejua kujibu, mudomo Mungu alinipatia. Lakini alikaa tu na kadre ku magoti, nikaanza kupanga vitu vyenye vilikuwa vimepangwa.

Halafu akanieleza. Nitawaambia kwa ufupi, juu yeye mwenyewe alieleza kwa ufupi.

Mama yake iko ngambo ya mupaka, mu kambi ya wakimbizi, miaka mingi. Ni mukongwe. Jicho moja ilishakufa, na la pili muganga alisema halitangoja.

Ule mama, wakati angali binti mubichi, alikuwa na ngombe yake. Akatoa ndama jike moja, akapatia familia rafiki. Kule kwao ndivyo wanafanya: ukipatia muntu ngombe, munakuwa damu moja.

Halafu vita ikapita. Ngombe zake zote zikaisha, hakubaki hata mukia. Akakimbia.

Miaka ikaenda. Na sasa ile familia rafiki njo yenye ilitoa bwana-arusi wa Naomi. Na ngombe yenye walileta ya mahari ilitoka mu tumbo ya ile ndama. Muzao wa saba, ukihesabu na ile ndama yenyewe.

Munasikia? Ngombe ya mama ilirudi nyumbani yenyewe, na miguu yake.

Mama aliambiwa ku telefone, akakatala. Akasema ataamini akiona. Mu telefone foto ni kadogo, haoni. Njo juu ya ile Muzee alitaka foto kubwa, yenye atabeba pasta moja anavuka mupaka siku ya Mungu, jumapili.

Nami nilikuwa nimemupatia motokari.

Nikakimbilia kompyuta kutafuta foto ya kwanza, yenye haijaguswa. Hakuna, ile ya motokari niliihifadhi juu yake. Karte ya aparei, kamera vile munaita ninyi, ilikuwa imejaa, kukawa watoto wa komunio, nikafuta yote nipate nafasi. Nawaambia minye ni fundi wa kufuta.

Muzee akasimama. Nikamwambia, "Muzee, kesho tunapanda."

Akaniangalia viatu.

Tukatoka asubuhi na pikipiki, tukapita Kiringye, tukaanza kupanda. Pikipiki ikapanda mupaka ikakatala. Tukashuka, tukaenda na miguu. Kule juu mvua haijui wakati wa jua, ikatukuta. Muzee mbele, na buti zake za kaucho, za mupira, anatembea kama anaenda ku choo. Minye nyuma, na viatu yangu ya arusi, natembea na magoti. Ku kila kona aliningoja, akaniambia "pole", akaendelea.

Tukalala kwake. Asubuhi ya posho, jumamosi vile munaita, nikafungua mulango, nikakuta dunia haiko.

Si masihara. Ukungu. Nyeupe tupu, kama muntu amefuta mulima wote akasahau kuweka kitu nyuma. Naomi alikuwa ametoka kwa bwana yake, karibu na pale, alikuja kunitafsiria luga yao, nikamusikia sauti mbele sijaona muntu.

Tukaenda ku malisho. Ngombe zilikuwa mule ndani mahali fulani, nasikia tu majani yanakatwa na meno. Nikauliza tutamupataje mumoja mu ukungu hii, na zote ziko langi ya chai ya maziwa.

Muzee akasimama. Akasimika fimbo, akaegemea, akaanza kusema.

Hakupiga kelele. Alisema kama unazungumuza na muntu mwenye amekaa pembeni yako. Naomi akanitafsiria ku sikio: anataja jina la ile ngombe. Sasa anataja mama yake. Sasa mama ya mama yake.

Kila jina alilipatia kitu kidogo. Huyu alivuka muto na ndama yake. Huyu alitoa maziwa mwaka wa njaa. Huyu hakupenda mvua. Luga yao sifahamu, lakini kuhesabu nilisoma, nikawa nahesabu na vidole mu mufuko.

Ku jina la saba, sauti ya Muzee ikabadilika. Naomi hakutafsiri tena. Alisema tu, "Hii njo ya koko." Ile ya bibi yake, mama mukongwe mwenyewe.

Na majani yakaanza kukanyagwa.

Alikuja peke yake. Zingine zilibaki, zinakula. Yeye nikaona kwanza pembe, mbili, ndefu, zinatoka mu ukungu kama mikono ya muntu anaomba kanisani. Halafu paji la uso. Halafu macho.

Akakuja mupaka mbele yangu, akapumua ku lensi ya aparei yangu, lensi ikajaa ukungu yake ya yeye mwenyewe.

Wakuu, minye napigaga foto hata mu usingizi. Pale nilisahau aparei iko mu mukono. Nilikuwa naangalia kitu yenye imejibu jina lake na majina ya wafu wake wote, na minye, siku ile nyingine, nilikuwa nimemwita uchafu.

Naomi akanigusa na kiwiko. "Kaka, unapiga ao unafuta?"

Nikapangusa lensi. Na macho pia, nilisema ni ukungu.

Pale pale ukungu ikafunguka, yote mara moja.

Chini kulikuwa uwanda muzima. Ruzizi inajikunja kama kamba imetupwa. Mashamba ya muchele ya Bwegera, kijani kijani. Na mbele, ziwa.

Nilizaliwa pembeni ya ile maji. Nimeioga, nimeilaani, imenifukuza mu studio. Lakini sikukuwa nimeiona siku moja yote muzima. Ilikuwa inaenda mupaka kwenye macho inakatala. Na Uvira yetu, na kelele yake yote, ilikuwa kamustari kamoja ka mabati kati ya mulima na maji. Ningeweza kuifuta na kidole kimoja.

Nikaogopa, nawaambia kweli. Nikajiuliza kama juu kuko mwenye anaangalia hivi kila siku, halafu anaacha vyote vibaki.

Ngombe haikugeuka hata. Yeye ameshazoea.

Muzee akasimama upande mumoja, Naomi upande mwingine, ngombe katikati. Akaniambia nipige ubavu ya kushoto, juu kule njo kuko ile doa nyeupe ku shingo, ndogo, kama kijiko. Ile yenye nilisema ni kosa ya mwangaza. Ile ndama ya kwanza, yenye mama alitoa, alikuwa nayo, na mama hawezi kuisahau.

"Sasa hesabu," akasema.

Nikahesabu na sauti. Moja, mbili, tatu. "Muzee, muko watatu."

Njo mara ya kwanza nilimuona anacheka.

Jioni minye na Muzee tulikuwa tumeshashuka Mulongwe. Nikatoa foto kubwa. Kulikuwa kamba ku mukono ya Naomi, matope ku buti, na mavi ya ngombe pale karibu na sketi yake. Kidole changu kilikuwa kinawasha, wakuu. Niliacha vyote.

Siku ya Mungu asubuhi tukamupatia pasta. Muzee akaniambia niweke na ile ya motokari mu sakoshi, mufuko ya pasta. Nikamuomba anihurumie, tuitupe. Akasema hapana, mama yake anapenda kucheka.

Halafu kimya. Juma mbili. Kila siku nilikuwa nafikiri ile jicho, kama ilingoja ao haikungoja. Kazi ilinishinda. Muntu mumoja alikuja na shati ya kijani, nikamutoa foto ya karte amefunga macho.

Siku moja Muzee na Naomi wakaingia mu studio, na sauti ya pasta yenye alirekodi mu telefone.

Pasta alisema walimupeleka mama ku mulango, kwenye mwangaza. Akaleta uso karibu mupaka pua ikagusa karatasi. Akaona Muzee, akasema mutoto wangu amezeeka. Akapita ku Naomi. Halafu akaweka kidole ku pembe, akashuka nayo polepole, sikio, shingo, akafika ku ile kijiko nyeupe. Kidole kikasimama pale.

Akasema jina. Si la ile ngombe ya mu foto, ule hakumujua bado. Alisema la saba, la ile yake. Hakuna mwenye alikuwa amemutajia.

Halafu akaisalimia, vile unasalimia muntu mwenye umekaa siku mingi hamujaonana.

Mupaka jirani wa saluni, mwenye alikuja kuchungulia, alizima mashini ya kunyoa.

Mafundisho ni kidogo tu: mbele ya kufuta kitu mu foto ya muntu, muulize. Yenye weye unaona uchafu, pengine njo yenye alikuitia.

Siku hizi nauliza mupaka jirani ananicheka. Jana mama moja alileta foto, nyuma kuko karai. Nikamuuliza, mama, hii karai ni ya nani? Akakaa. Akanielezea mupaka chai ikapoa. Karai imebaki.

Wapiga-foto wenzangu, na ninyi wengine, mwenye alishafuta kitu yenye haikufaa kufutwa, aandike hapa chini nisibaki mujinga peke yangu. Matusi pia muweke, nitasoma yote.

Nawaachia na ile pasta alisema ku mwisho wa sauti yake. Mama mukongwe alionyeshwa na foto ya pili, akaileta ku jicho, akaiangalia wakati murefu kushinda hata ile ya kwanza. Halafu akasema:

"Mumwambie ule kijana, motokari yake nimeiona, ni nzuri, iko safi. Lakini munimuulizie, inakamuliwa upande gani?"