Magurudumu Mafupi ya Fundi Athmani

Athmani wa Faraj alikuwa fundi wa malori kule Shimanzi, Mombasa, na kwa kiburi cha ufundi sijaona mfano wake. Nasema hivi nami nilimpenda, na nilifanya naye kazi karakana moja miaka kumi na minne, mimi nikinyoosha bodi, yeye kichwa ndani ya injini. Ukimsalimia kabla hajanawa mikono haitikii. Ukimwuliza gari lako lina ugonjwa gani, atakujibu kwamba lina dereva.

Alikuwa na dawa yake iliyompa jina. Lori likilemewa na mzigo, yeye hulivua magurudumu ya nyuma na kulifunga mengine yenye kimo kifupi zaidi. Gurudumu fupi huvuta kwa nguvu, na malori yetu ya kisiwani, yanayotoka Shimanzi kwenda Mbaraki na kurudi, yakawa yanaondoka na shehena kama hayakubeba kitu. Kukimbia hayakukimbia; yangekimbilia wapi? Kwa hivyo dawa ile haikumdhuru mtu, na Athmani akaamini haina madhara popote.

Mwaka wa sitini na tisa, lami ikiwa imeshafika Nairobi, Bwana Badawi, muuza kanga wa Biashara Street, alimletea lori lake. Kila wiki lilipeleka marobota Nairobi, na mlima wa Mazeras ulikuwa ukilitoa roho. Athmani akalifunga magurudumu mafupi nyuma. Mazeras ikapandwa, na Badawi akamsifu mtaa mzima.

Miezi mitano baadaye lori lilirudi kutoka Voi likivutwa kwa mnyororo. Athmani akafungua injini, akakuta beringi zimelika na ringi za pistoni zimekwisha. Badawi naye alikuwa na lake: mita ya maili ilionyesha kwamba kila akienda Nairobi, dereva alizidisha maili thelathini kuliko zamani. Maneno mawili yakakutana. Kioko, dereva, Mkamba mpole aliyekuwa na tajiri huyo mwaka wa saba, akaambiwa analikimbiza lori kiwazimu na kuchepuka nalo kubeba mizigo yake ya wizi. Akanyang'anywa ufunguo, na kabla ya adhuhuri maduka yote ya Biashara Street yalikuwa yakimwita mwizi. Dereva mwenye jina hilo Mombasa hapewi gari tena na mtu, na Kioko alikuwa na mke na watoto wanne Majengo.

Kioko alikana. Alisema hajatoka barabarani hata siku moja, na saa za kufika ni zile zile alizowekewa na tajiri wake tangu mwanzo. Na ni Athmani, si mwingine, aliyesema: "Bwana Badawi, ya nini kubishana? Isomwe halbadiri. Aliyeiua injini hii impate."

Nasi watu wa pwani halbadiri hatuichezei. Kisomo kile humtafuta mkosaji popote alipo, akavimba, akapotewa na akili, au akafa. Tukamtazama Kioko tukingoja atetemeke. Mkristo, ndiyo, lakini amekaa pwani vya kutosha.

"Isomeni," akasema. "Ila jina langu msilitaje. Mtajeni aliyeiua injini, basi."

Ikapangwa Alhamisi, baada ya sala ya alasiri. Jumatano Kioko akaja karakana na swali moja. Alisema amehesabu mawe ya maili barabarani mara nyingi. Akipita maili kumi, mita husoma karibu kumi na moja. Fundi anajua kwa nini? Athmani akamfukuza kwa maneno ya ovyo. Lakini nilimwona ameduwaa. Kisha akaenda nyuma ya karakana, akatoa gurudumu moja la zamani la lori lile, akalitia alama ya chaki, akalibingirisha sakafuni mzunguko mmoja. Akapima. Futi kumi na nusu. Akabingirisha lile fupi. Halikufika futi kumi.

Sikuhitaji kuelezwa. Gurudumu fupi huzunguka mara nyingi zaidi kuimaliza njia ile ile, na mita huhesabu mizunguko tu, njia haiioni. Injini nayo huzunguka zaidi vivyo hivyo. Hapa kisiwani si neno. Lakini kwenye lami, saa nane mfululizo, dereva anayetakiwa kufika kwa saa zile zile za zamani hana budi kukanyaga zaidi, na injini inalia njia nzima hadi ijile yenyewe. Kioko hakukimbia zaidi ya zamani. Injini ndiyo iliyokimbia.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wallahi nilicheka, kisha nikamwonea huruma Athmani, kisha nikamchukia, kwa sababu alioga, akavaa kanzu, akaenda kwa Badawi kumwambia kwamba visomo hivi si vizuri na kusamehe ni bora. Badawi akakubali: kisomo kiachwe, Kioko asamehewe, aende zake. Aliyekataa ni Kioko.

"Sikuomba msamaha," akasema. "Isomwe."

Alhamisi tukakaa barazani kwa Badawi. Ubani ukafukizwa. Mwalimu aliyeitwa kuisoma akafungua kitabu, akauliza asome kwa niaba ya nani na dhidi ya nani. Athmani akainuka, kanzu imemlowa jasho mgongoni.

"Mwalimu, funga kitabu. Injini nimeiua mimi."

Akaeleza yote, chaki na futi zake. Badawi akautoa ufunguo akampa Kioko. Kioko akaushika mkononi, hakuutia mfukoni. Akauliza, "Na lile jina la mwizi, nani atakwenda kulirudisha?"

Asubuhi yake Athmani alivaa nguo zake za kazi, zile za grisi, akaanzia duka la kwanza la Biashara Street. Salamu kwanza, za nyumbani, za watoto, kahawa akaikataa, kisha akasema Kioko hakuiba, ni yeye aliyelifungia lori magurudumu yasiyofaa na kumsingizia. Duka kwa duka, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Nilikuwa nyuma yake, nikiona haya kana kwamba kosa ni langu. Muuza kanga mmoja alicheka hadi akashika mbavu, akamwambia basi yeye si fundi wa kupelekewa gari.

"Kweli," akasema Athmani. "Lakini Kioko ni dereva wa kupewa gari." Akaingia duka la jirani.