Breki za Gari la Baba

Gerejini walimwita Mama Breki, ingawa hakuwa mama wa mtu. Kazi alifundishwa na baba yake, na breki ndiyo sehemu aliyoipenda kuliko zote. Injini, alisema, hata ikizima utafika salama; breki ikikataa, utafikishwa.

Baba alipofariki, gereji aliachiwa kaka mtu. Dada alibaki upande wa ukutani kwa hisani, hisani ambayo alikumbushwa kila asubuhi. Ndugu hao hawakusemezana tena ila kwa kuzunguka. "Mwambieni huyo anipishe," kaka alikuwa akisema, hata pale ambapo hapakuwa na wa kuambiwa.

Kilichobaki kuamuliwa ni gari la marehemu, gari la kale la rangi ya maziwa. Kila mmoja aliliendesha kwa zamu, na kila mmoja alilirudisha akimlaani mwenzake. Siku za karibuni lilianza kugoma. Likitoka lilikwenda vizuri, lakini likishapata joto magurudumu ya mbele yalishikwa na breki, likajikokota kama ng'ombe anayepelekwa machinjioni.

Mjomba wao, aliyekabidhiwa ufunguo, alichoka kusuluhisha. Alikuja gerejini, akaketi juu ya tairi, akasema: "Mama, kama leo litatembea bila kushika, ni lako. Likishika, kaka yako alikate auze vipuri. Sitaki kesi tena."

"Kutu imekula pistoni za breki," kaka alisema, macho yakiwa kwa mjomba. "Limekufa hilo. Anaosha maiti tu."

"Mwambie mwanao kwamba si kutu," dada alijibu. "Ni mipira ya kupitishia mafuta ya breki, aliyoifunga yeye. Ya bure kabisa! Imevimba ndani, mafuta yanakwenda hayarudi."

Alilizungusha gari mtaani mpaka likashika, akalirudisha likinuka moto. Akalipiga jeki na kujaribu kuzungusha gurudumu la mbele. Halikutikisika. Akalegeza skrubu ndogo ya kutolea hewa nyuma ya gurudumu hilo. Mafuta yaliruka kama mate ya nyoka, na gurudumu likazunguka laini.

"Kutu gani inayoondoka kwa kulegeza skrubu?" aliuliza. Kaka aliguna.

Akafunga skrubu, akakanyaga pedali mara kadhaa, breki zikashika tena. Safari hii alililegeza bomba la mafuta kule juu, linapotoka kwenye silinda kubwa. Kama kosa lilikuwa kwenye mipira, gurudumu lingebaki limekwama. Lilifunguka papo hapo.

"Ehee!" Kaka alipiga kofi. "Mipira yangu imefanya nini sasa? Mdomo umekuponza, bibie."

Dada alihisi uso ukimwaka. Mipira ilikuwa mizima. Alikaza bomba, akainama chini ya usukani na kusukuma pedali kwa kiganja. Ilipaswa kucheza kidogo kabla ya kuanza kusukuma mafuta. Haikucheza hata chembe. Akamulika fimbo inayounganisha pedali na silinda. Nati yake, katikati ya vumbi la miaka, ilikuwa imekwanguliwa upya, inang'aa.

"Nani ameirefusha hii?"

Kaka aliokota kitambaa, akaanza kufuta spana.

"Nauliza nani! Fimbo inakandamiza wakati wote. Mafuta yakipata joto yanatanuka, hayana pa kurudia."

"Mimi," kaka alisema, kwa mara ya kwanza akimtazama usoni. "Pedali ilikuwa inazama mpaka sakafuni. Ulitaka nife?"

"Si ungeniambia!"

"Nikwambie kwa mdomo upi? Na ilizama kwa sababu gani? Viatu vya breki vya nyuma vimelegea. Nani alisema havimhusu mtu, atavikaza mwenyewe?"

Alikuwa dada mwenyewe. Alisema hivyo mbele ya wateja, kisha akanuna asivikaze.

"Vita vya panzi," mjomba alinong'ona, "furaha ya kunguru. Na kunguru hapa ni mnunuzi wa vyuma chakavu."

Dada aliurudisha urefu wa fimbo, akavikaza viatu vya nyuma, akatoka na mjomba kando yake. Walipanda kilima, wakashuka, wakasimama kila kona. Aliporudi alizima injini akalisukuma gari kwa bega moja. Liliteleza kama mtumbwi.

Mjomba akampa ufunguo.

"Sikatai," kaka alisema, akiwa tayari ameliburuta sanduku la spana za dada yake hadi getini. "Gari ni lako. Gereji ni yangu. Toka nalo."

"Baba yangu, taratibu," mjomba alianza.

"Mwache, mjomba." Dada aliliinua sanduku, akalitupa kwenye kiti cha nyuma kwa kishindo. "Hata karanga za kuganga njaa sitakuja kumwomba."

Akawasha injini. Getini alikanyaga breki kuwapisha wapita njia, akainua mguu. Magurudumu yaliachia palepale, naye akaingia barabarani bila kujua kesho ataliegesha wapi.