Mkia wa Rangi ya Chungwa

Houda, jirani yetu wa mtaa wa Buyenzi, alilelewa na mama yake Zubeda, mshonaji wa nguo za wanawake. Kwao nguo haimfikii mteja ikiwa na uzi unaoning'inia, na tangu utotoni Houda ndiye aliyekata nyuzi hizo.

Chuoni alisomea protini za virusi vinavyoleta ugonjwa wa batobato kwenye muhogo. Protini ni mnyororo mrefu unaojikunja, na kazi yake hutegemea umbo lake. Kulijua umbo hilo kwa hakika kunahitaji kuifanya protini iwe fuwele na kuipiga miale kwa mashine ambayo yeye hakuwa nayo. Kwa hiyo alitumia programu ya kompyuta inayokisia umbo: penye uhakika hupaka buluu, pasipo na uhakika hupaka rangi ya chungwa.

Umbo lilitoka zuri, isipokuwa mkia wa rangi ya chungwa uliojitokeza pembeni. Houda akaukata kwenye picha, bila hata kujiuliza.

Siku ya kutetea kazi yake ilipokaribia, mwalimu wake Sylvère aliitazama picha, akauliza mkia uko wapi. Houda akasema ulikuwa unachafua kazi. Mwalimu hakugomba.

"Umeficha mahali tusipopajua," alisema. "Labda hapo ndipo virusi vinaposhikia jani."

Houda alirudi nyumbani na hofu. Mama yake angekuja ukumbini, na jopo la watahini likiuliza juu ya mkia, yeye angekosa jibu mbele yake. Hata hivyo aliurudisha.

Siku yenyewe mkuu wa jopo aliuliza hilohilo, kwa Kifaransa. Houda akajibu, "Je ne sais pas," yaani sijui, kisha akaeleza kwa nini hakuna ajuaye bado, na kipimo gani kingeleta jibu. Jopo lilitoka, likarudi na alama nzuri, likamwomba aendelee na mkia huo.

Watu walipiga makofi. Zubeda alikuwa analia. Kifaransa chake ni kidogo, na alichoshika ni lile "sijui" la bintiye tu. Nje, Houda alipomwambia amefaulu, hakuamini.

"Mi nilisikia hujui, moyo ukaanguka."

"Ni kweli sijui, mama. Hata wao hawajui. Wamependa nilivyosema."

Zubeda akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Basi hata mi ni profesa."

Akachukua mkoba wa bintiye, akaubeba mpaka Buyenzi, na kila Houda alipounyoshea mkono, alimkatalia.