Draiva ya Mstari wa Pili

Laptopu ililetwa kwangu ikiwa imefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha sare za shule, kwa sababu mwenye nayo ni mama mmoja mshonaji wa mtaani kwetu na kitambaa ndicho kilichokuwa karibu naye. Ilikuwa Jumatatu, saa kumi jioni, nimetoka kazini. Mchana mimi ni mtunza ghala. Jioni hutengeneza kompyuta za majirani mezani kwangu, sebuleni. Kiswahili nilikuja nacho kutoka Karagwe, Tanzania, nilikokulia, lakini kompyuta nilijifunza ukubwani, hapahapa Gisenyi, Rwanda, kwa kusoma vitabu vya maelekezo huku kamusi iko pembeni. Kila nilichojifunza nilikiandika kwenye daftari. Mtaani wananiita mwalimu, ingawa sijawahi kufundisha darasa lolote. Sikuwahi kuwakataza.

“Mwalimu, hii mashini inaniharibia kazi,” mshonaji alisema. “Nafungua video ya mushono, inazunguka tu, inazunguka tu. Mukiriya mwenye kuleta kitambaa anasimama pale ananiangalia kama mimi njo ninazunguka.”

Aliniambia pia kwamba wiki mbili nyuma ilibadilishwa kibodi na fundi wa barazani. Tulimfahamu wote. Alitoka Goma, upande wa Kongo, miaka mingi iliyopita, akapanga chumba huku kwetu, na meza yake ilikaa kwenye baraza la duka moja karibu na soko: simu, chaja, kibodi. Ningependa kuandika kwamba sikuwa na neno naye, lakini si kweli. Nilimwona kuwa mtu wa kubahatisha. Yeye hushika bisibisi kwanza. Mimi husoma kwanza. Nilijiona bora kwa hilo, na hilo lina sehemu yake katika yaliyotokea.

Niliamua kupiga windo upya, yaani kufuta mfumo unaoendesha kompyuta na kuuweka tena. Katika daftari langu kazi hiyo ina hatua nane, na hatua ya tatu ni kunakili draiva zilizopo kabla ya kufuta chochote. Draiva ni programu ndogo inayoiambia kompyuta namna ya kuongea na kifaa kilichomo ndani yake. Kifaa kikikosa draiva, kwa kompyuta ni kama hakipo. Siku hiyo niliruka hatua ya tatu. Mashine nyingi nilizofanyia kazi hiyo zilikuwa zimejitafutia draiva zenyewe, nikaona hii nayo itajitafutia.

Haikujitafutia. Iliwaka haraka, nyepesi, picha na mishono ya mama yote ipo, ila waifai ilikuwa imetoweka. Nilishika simu, nikafungua ukurasa wa kampuni iliyotengeneza laptopu ile, nikaandika jina la modeli lililochapwa chini ya kioo. Orodha ikaja. Nikachukua draiva ya waifai iliyokuwa mstari wa kwanza, nikaihamisha kwa waya, nikaiendesha. Ikakataa: kifaa chake hakikuonekana. Nikajaribu toleo la zamani la ileile. Ikakataa.

Hapo nikafanya ninachokijua. Nilifungua orodha ya vifaa, nikakuta kimoja chenye alama ya njano, nikanakili namba zake, zile za mtengenezaji na zile za kifaa, nikazitafuta. Zilikuwa za kadi ya waifai, kile kipande cha ndani kinachoshika mtandao, ila ya mtengenezaji mwingine, kadi ya bei ya chini. Nikamwomba mshonaji boksi la laptopu, maana alikuwa amelitunza. Karatasi iliyokuwa ndani yake ilitaja kadi ya ile draiva ya mstari wa kwanza.

Mpaka hapo kila nilichosoma kilikuwa sahihi. Ndiyo maana nilichohitimisha sikukitilia shaka.

“Mama,” nilimwambia, “kadi iliyomo humu siyo iliyokuja nayo.”

“Ati nini?”

“Kuna mtu aliibadilisha.”

Sikutaja jina. Kwa siku kadhaa nilijihesabia hilo kuwa ni ustaarabu. Sote wawili tulijua ni mtu mmoja tu aliyekuwa ameigusa mashine ile, na kwa kutomtaja nilijiepusha kuulizwa ushahidi.

“Lakini mbele ya wewe kufuta, ilikuwa inashika mutandao,” mshonaji alisema, taratibu, kama mtu anayetafuta njia ya kutoka.

“Ilikuwa inashika polepole. Si ndivyo ulivyolalamika?”

Akakunja kitambaa chake. Chini ya laptopu ile kulikuwa na skrubu kumi na moja. Ningeweza kuzifungua palepale. Sikuzifungua, kwa sababu nilishajua.

Jumatano fundi alikuja mwenyewe nyumbani kwangu. Alisimama mlangoni, nikamkaribisha, hakuingia.

“Mwalimu, salama? Mama anasema mi niliiba kadi.”

“Mimi sikutaja jina la mtu.”

“Bon. Hukutaja. Lakini sikia: hii model iko na kadi za namna mbili. Zingine zinatokaka na ile, zingine na hii. Mi naonaka kila siku.”

“Una karatasi inayosema hivyo?”

“Karatasi?” Akanionyesha viganja. “Niko na mikono, mwalimu. Nimefungua mingi.”

“Mikono si ushahidi.”

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua auweke wapi uso wake. “Basi tufungue. Sasa hivi, wote wawili. Uangalie na macho yako.”

Nilimwambia ni saa ya chakula. Ilikuwa kweli, chakula kilikuwa mezani. Laptopu nayo ilikuwa mezani, karibu na sahani.

Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, tunapotoka kaya zote kufanya kazi ya pamoja. Tulizibua mtaro hadi saa tano, kisha tukakaa kwenye nyasi kwa ajili ya mkutano kama kawaida. Mkuu wa mudugudu wetu, yaani kitongoji, ni askari mstaafu aliyekulia Uganda. Hapendi jambo linalovuka mkutano mmoja. Aliuliza kama kuna mwenye tatizo, na mshonaji akasimama, akaeleza yote. Mkuu alimgeukia fundi, kisha akanigeukia mimi.

“Mwalimu, wewe ndiye unajua hivi vitu. Kadi ilibadilishwa, haikubadilishwa?”

Ningeweza kusema nadhani. Ningeweza kusema sijaifungua.

“Ilibadilishwa,” nilisema.

Wanawake wawili nyuma yangu walisonya. Fundi alisema, “Mi siko mwizi,” kisha akalirudia kwa Kinyarwanda, lugha asiyoimudu vizuri, ili pasiwe na mtu wa kusema hakusikia. Vijana wakacheka matamshi yake.

“Okay, fundi,” mkuu alisema. “Kuwa mtu mzima. Nakupa wiki moja. Rudisha kadi ya mama, tumalize.”

Jumatatu meza yake haikuwepo barazani. Mwenye duka alikuwa amemwambia aiondoe mpaka jambo liishe.

Alhamisi aliniletea kadi. Alikuwa amevuka mpaka, akaitafuta Goma mpaka akaipata: ile hasa iliyotajwa kwenye karatasi, ndani ya kipande cha plastiki. Alinipa bila maneno, akaondoka. Niliichukua kuwa ndiyo kukiri kwake.

“Unaona?” nilimwambia mke wangu. “Asiye na hatia angeileta?”

“Na asingeileta,” mke wangu alisema, “angeishi wapi?”

Niliivuta laptopu. Niliketi, nikafungua zile skrubu kumi na moja ili niiweke kadi ya fundi.

Kadi ya zamani ilikuwa imeshikwa na skrubu moja ndogo, na juu ya kichwa cha skrubu hiyo kulikuwa na tone la rangi ya bluu, rangi wanayoweka kiwandani. Bisibisi ikipita hapo hata mara moja, rangi hupasuka. Haikuwa na ufa. Waya mbili za antena zilikuwa zimefunikwa kwa utepe, na vumbi lilikuwa limejipanga kwenye ukingo wa utepe bila kukatika mahali. Kibodi ya laptopu ile hutolewa kwa juu. Fundi hakuwahi kufika huku chini. Tangu mashine itoke kiwandani, wa kwanza kufika huko nilikuwa mimi.

Nilirudi kwenye simu. Safari hii sikuandika jina la modeli, niliandika namba ya mashine yenyewe, iliyobandikwa chini. Ikaja draiva moja tu ya waifai, na ilikuwa ya kadi iliyokuwa mbele yangu. Nikarudi kwenye ule ukurasa wa mwanzo ili nijue nilikosea wapi. Draiva ilikuwepo pale pia, mstari wa pili, chini tu ya ile niliyoichukua. Modeli moja, kadi za namna mbili. Karatasi ya boksi ilizungumzia modeli kwa jumla. Mimi nilisoma mstari wa kwanza nikaacha.

Niliiweka draiva. Kazi haikufika dakika mbili. Majina ya mitandao ya majirani yakajipanga kwenye kioo, na lazima niandike kwamba kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa raha, ile raha ya fumbo kufunguka. Ilidumu mpaka nilipoiona kadi ya fundi kwenye plastiki, karibu na mkono wangu.

Kesho yake mshonaji alikuja.

“Eh! Inashika! Tena mbio!” Alipiga makofi. “Kumbe ile kadi alirudisha ni muzuri.”

“Inafanya kazi,” nilisema.

Kwenye mkutano nilikosea, lakini nilikuwa sijui. Hapa nilijua. Nilichagua maneno mawili ambayo hayakuwa uongo, nikamwacha aende nayo. Alifunga laptopu kwenye kitambaa chake, na jioni hiyohiyo habari ilikuwa imeshafika kwenye foleni ya maji: mwizi amerudisha.

Nilikaa kimya siku nane. Nilipita mbele ya baraza tupu nikienda kazini na nikirudi. Kwenye daftari niliandika: “Tumia namba ya mashine, si jina la modeli. Soma orodha yote.” Nimeusoma ukurasa ule mara nyingi tangu hapo. Hakuna neno hata moja kuhusu fundi.

Siku ya tisa mke wangu aliikuta kadi kwenye droo. “Hii si ile aliyoileta yule fundi?” Nikamweleza, kwa mpangilio, tangu hatua ya tatu niliyoiruka. Hakunigombeza. Alinipa kadi mkononi na kurudi jikoni.

Nilimkuta fundi chumbani kwake, mlango wazi ili mwanga uingie, akichokonoa redio ya mtu. Nilimwambia kila kitu. Alinisikiliza bisibisi ikiwa mkononi.

“Ulifungua?”

“Nilifungua.”

“Rangi ya ile visi ya kushika kadi iko?”

“Ipo. Haijaguswa.”

“Na sasa unakuja kuniambia mi?” Alisema bila kupaza sauti. “Mi nilikuwa najua, mwalimu. Njo nilikuambia tufungue.”

Nilimnyoshea kadi. Aliiangalia, hakuipokea.

“Ulisema mbele ya batu. Utairudisha mbele ya batu.”

Palikuwa pamebaki zaidi ya wiki mbili kufika umuganda uliofuata. Sijawahi kuisubiri siku kwa namna ile, nikitamani ifike na nikitamani mvua kubwa iivunje. Haikunyesha. Tulilima kando ya barabara, tukakaa, mkuu akauliza kama kuna mwenye jambo, nikasimama.

Niliposema fundi hakuiba, walitabasamu. Mama mmoja alisema, “Mwalimu anamutetea tu. Iko na roho ya huruma.” Mkuu mwenyewe alinipungia mkono nikae: “Mwalimu, wewe ni mtu wa amani, tunakujua.” Sikulitarajia hilo. Heshima waliyonipa ndiyo iliyomtia hatiani, na sasa ilikuwa inanizuia nisiaminike ninapojishitaki. Ilibidi nirudie mara ya pili, kwa sauti kubwa, tena kwa Kinyarwanda.

“Sikufungua mashine. Fundi aliniomba tuifungue, nikakataa. Nilisema kitu nisichokiona. Kadi iliyokuja na laptopu imo mpaka leo.” Nikaitoa ile nyingine mfukoni. “Hii aliitafuta Goma kwa sababu ya neno langu. Haikutumika. Nilijua hilo tangu siku aliyonipa, nikanyamaza.”

Hakuna aliyecheka. Mshonaji alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. “Mwalimu,” alisema, “nilimuita mwizi kwa robine, pale kwa maji. Watoto yake walikuwa pale na madumu. Na wewe ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua.”

Mkuu alikohoa, akamgeukia fundi. “Fundi, umesikia. Mtu mzima ameomba msamaha mbele ya watu. Unasema nini? Umesamehe?”

Watu walishaanza kuinua mikono ili wapige makofi. Fundi alikuwa amesimama ameegemea jembe lake. Niliuona uso wake, uleule wa mlangoni kwangu, na kicheko kilekile kidogo kikianza kuja. Hapakuwa na jibu lingine ambalo mkutano ule ungelipokea kutoka kwake. Mara ya kwanza alitakiwa alete kadi. Sasa alitakiwa alete msamaha, na mimi ndiye niliyemsimamisha pale mara zote mbili.

“Mkuu,” nilisema, “asijibu.”

“Aje?”

“Mimi nimesema langu. Yeye asilazimishwe kusema lake leo.”

“Okay, sasa tuandike nini?” Alimwonyesha katibu, binti aliyekuwa na daftari la mkutano magotini, kalamu ikisubiri. “Lazima tuandike jambo limeisha namna gani.”

“Aandike nilichosema mimi. Kwa fundi aache nafasi.”

Fundi alikuja mpaka niliposimama. Alichukua kadi mkononi mwangu, akaigeuza kwenye jua, akakagua vile vijino vyake vya dhahabu vya kuchomekea kimoja kimoja, kama anavyokagua kifaa chochote, akaitia mfuko wa shati. Hakunitazama. Alimwambia mwenye duka, “Lundi ninarudisha meza,” na mwenye duka akaitikia kwa kichwa: Jumatatu. Kisha akabeba jembe lake akaenda, kabla mkutano haujafungwa, jambo ambalo kwa kawaida haliruhusiwi. Mkuu hakumwita.

Katibu aliniomba nirudie polepole, maana alikuwa hajamaliza kuandika yote. Nikarudia tangu mwanzo.